Boneti Wazi: maswali yenu kuhusu magari ya zamani

Barua nyingi za toleo hili zinauliza juu ya kutu, chache juu ya injini. Hilo halitushangazi. Injini iliyochoka huchongwa, hupewa ringi mpya au hubadilishwa nzima. Bodi iliyooza ndiyo inayowafanya watu waliache gari chini ya mwembe. Barua tumezifupisha tu, maana yake hatukuigusa.

Nina akiba kidogo na banda la kufanyia kazi nyumbani. Roho yangu inapenda Peugeot 404, Datsun 240Z na Mercedes zile zenye mapezi. Nianze na ipi? (Msomaji, Dodoma)

Ndugu, una jicho zuri. Zote tatu zimeshinda Safari Rally: Mercedes 220 SE mwaka 1961, 404 mwaka 1963 kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, na 240Z mwaka 1971 na 1973. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva wa Tanzania, kwa hiyo 404 ina udugu wa karibu na barabara zetu.

Kwa anayeanza, sisi tungechagua 404 saluni. Mistari yake ilichorwa na Pininfarina, ilitoka mwaka 1960, na bado hatujaona gari la familia la wakati ule lililokaa vizuri zaidi machoni. Injini yake ya sentimita za ujazo 1618 imelazwa upande, kwa hiyo boneti iko chini na mkono unaingia kila mahali. 240Z ni tamu kuliko zote, lakini bodi yake huoza kwenye mbavu za chini na pale inaposimama betri, na bei yake ya dunia imepanda hata mikweche inauzwa kama dhahabu. Mercedes ya mapezi ina spea nyingi, ila kromu na mbao zake zitamaliza akiba yako kabla hujafika kwenye breki.

Kabla hujalipa chochote, hesabu vitu vidogo. Pistoni, ringi, gasketi na beringi za 404 zinatafutika. Kinachosumbua ni kioo cha taa ya nyuma, mikanda ya kromu ya milango, vishikio vya kufungulia vioo, fremu za viti na kioo cha mbele. Gari lenye injini iliyokwama lakini lenye vitu hivyo vyote ni bora kuliko linalotembea huku nusu ya urembo wake umepotea. Kisha linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi. Zisipofanana, ondoka hata kama bei inakuvuta.

Jambo moja la 404 ambalo mafundi wa siku hizi hawalijui: difu yake (gia za ekseli ya nyuma) inazungushwa kwa skrubu inayosukuma gurudumu la shaba nyeusi. Mafuta ya difu ya kisasa ya daraja la GL-5 yana dawa za salfa ambazo, zikipata moto, hula shaba. Tumia mafuta yaliyoandikwa wazi kwamba hayadhuru shaba, au ya asili ya mbarika kama yalivyotumika zamani, lakini usichanganye aina hizo mbili. Giaboksi yake hutiwa oili ya injini, siyo ya gia. Ukikuta imejazwa oili nzito ya gia, usishangae gia zikiingia kwa shida asubuhi.

Peugeot 504 yetu, station wagon, imelainishwa hedi (kifuniko cha juu cha injini) mara mbili na kuwekwa gasketi mpya mara mbili. Bado maji yanaingia kwenye oili. Fundi sasa anasema bloku imepasuka, tutafute injini nyingine. (Msomaji, Kisumu)

Huenda fundi yuko sahihi, lakini asitupe injini kabla ya kipimo cha nusu saa.

Injini za petroli za 404 na 504 zina slivu zinazooga maji. Kila pistoni inapanda na kushuka ndani ya bomba la chuma lililokaa peke yake ndani ya bloku. Maji yanalizunguka kwa nje, na chini lina kiziba kinachotenga maji na oili. Kwa juu, slivu inachomoza kidogo sana kupita uso wa bloku ili gasketi ya hedi iibane. Sasa fikiria hedi imetolewa na mtu akazungusha kranki (shafti inayopandisha na kushusha pistoni) ili asafishe pistoni. Ringi zinainyanyua slivu, kiziba cha chini kinahama, na tope la maji linaingia pale inapokalia. Slivu hairudi tena mahali pake. Hata ukinunua gasketi kumi za hedi, maji yataendelea kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kipimo ni hiki. Mwaga oili, fungua sampu, acha hedi imefungwa. Jaza maji, kisha tumia pampu ya kupimia rejeta upeleke shinikizo lisilozidi lile lililoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta. Lala chini na tochi, subiri nusu saa. Matone yakitoka nje ya slivu, pale inapokalia bloku, viziba vya chini vimekufa. Yakishuka kwa ndani, yakipita kando ya pistoni, rudi kwenye gasketi au kwenye hedi yenyewe. Yakitoka kwenye ukuta wa bloku, hapo ndipo fundi wenu amepata ushahidi.

Kama ni viziba, toa pistoni na slivu zote nne. Kila moja iandike namba yake na upande uliotazama mbele ya gari kabla haijatoka. Chini yake mtakuta tope jekundu lililoshikana. Likwanguliwe lote kwa kijiti cha mbao au plastiki na kufutwa kwa kitambaa. Msiguse makalio ya slivu kwa grainda. Wekeni viziba vipya, kisha pimeni kwa dayo geji (kipimo chenye uso wa saa) jinsi kila slivu inavyochomoza, sehemu nne kuizunguka, mkilinganisha na kitabu cha injini hiyo hasa, kwa sababu 504 ilikuwa na injini ya 1796 na ya 1971. Slivu mbili zinazopakana zisiachiane ngazi. Zikishakaa, zibaneni kwa bolti na washa pana hadi hedi irudi, na hapo katikati asizungushe mtu kranki.

Matundu ya bolti za hedi yapulizwe kwa kompresa yakauke kabisa. Oili au maji yakibaki ndani ya tundu lisilotokea upande wa pili, bolti itaonekana imefika kwenye kipimo cha toki, yaani nguvu ya kukaza, wakati haijabana, na bloku inaweza kupasuka kweli. Kazeni kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Oili iliyokuwa na maji hula beringi. Washeni injini kwa oili ya bei nafuu dakika 30, mwage ikiwa bado ya moto, badilisheni na filta, kisha rudieni baada ya kilomita 500. Na acheni kutumia maji ya bomba peke yake. Hedi ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma, na maji matupu kati yake hula aluminiamu polepole hadi njia za maji zinageuka matundu. Kulanti nusu, maji yaliyochujwa ya kiwandani nusu, yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Mwisho, ulizeni gari lilikuwa likichemka wapi mara ya kwanza. Kama lilichemka kwenye foleni tu na barabara kuu lilikuwa salama, mshukiwa ni feni. Peugeot hizi zina feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme maji yanapopata moto; brashi ndogo ya kaboni ndiyo inayopeleka umeme. Injini ikiwa imezimwa, peleka umeme wa betri kwenye brashi kwa waya wenye fyuzi. Ukisikia feni imegonga na kushika, sumaku ni nzima. Tafuta kosa kwenye swichi ya joto au waya. Kimya? Brashi imeisha.

Shikamooni mafundi. Baba ametuachia Volkswagen Beetle ya 1968 iliyokaa Tanga miaka yote. Sakafu imetoboka, na nikiinua gari kwa jeki milango haifungi vizuri. Fundi anataka kubandika mabati juu ya matundu kisha apake lami. Nimruhusu? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, binti. Usimruhusu.

Mlango unaobadilika gari likiinuliwa ni habari kubwa kuliko tundu la sakafuni. Kwenye Beetle, chini ya kila mlango kuna mfereji wa bati uliofungwa kama boksi. Ndani yake hupita hewa ya moto, lakini kazi yake kubwa ni kubeba bodi isikunjike katikati. Hewa ya bahari na mchanga hukaa humo, mfereji huoza kutoka ndani, na kwa nje rangi inaweza kuonekana nzima. Ukiziba sakafu na kuuacha mfereji, utakuwa umeshona kiraka kwenye nguo isiyo na mshono.

Na mabati ya kuezekea hayafai kabisa. Bati la geji 28 au 30 lina unene wa milimita 0.3 hadi 0.4 tu, na zinki yake ikichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa usiku ule ule. Omba bati jeusi la geji 18, milimita 1.2, kwa sakafu na mfereji, na geji 20 kwa sehemu za bodi. Sakafu mpya zilizokwisha kuchapwa kiwandani, vipande viwili vya kushoto na kulia, zinauzwa nje na zinaokoa siku nyingi za kugonga.

Mpangilio wa kazi uwe huu. Kwanza pima nafasi kati ya mlango na bodi sehemu tatu kila upande na uandike. Toa betri, toa tanki la petroli lililo mbele, toa viti, mazulia na karatasi za lami zilizobandikwa sakafuni, kwa sababu hizo hushika moto kimyakimya wakati fundi ameinamia upande wa pili. Ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto vikae karibu, na mtu asimame akitazama.

Kabla ya kukata chochote, chomelea vyuma vya muda ndani ya gari: kimoja kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa kila upande, na kimoja kinachounganisha kushoto na kulia. Gari likae sawa kwenye stendi, lisining'inie kwenye jeki. Kisha shughulikia upande mmoja hadi uishe. Ukikata mifereji yote miwili kwa pamoja, bodi italegea, na hata ikichomelewa kwa ustadi milango haitarudi.

Kata hadi ufike kwenye bati safi linalong'aa, siyo hadi pale tundu linapoishia. Kutu iliyo katikati ya mabati mawili yaliyopandana haifikiwi na dawa yoyote ya kugeuza kutu; dawa hizo ni za vumbi la juu tu. Kwenye maungio toboa matundu ya milimita 6 hadi 8, kila baada ya sentimita 4, uyajaze kwa mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi. Palipo na ukingo kwa ukingo, choma sentimita 2, ruka, choma mbali, rudi. Mstari mmoja mrefu utalipinda bati. Mashine ya vijiti ya kuchomelea mageti italitoboa. Kama ndiyo pekee aliyo nayo fundi huyo, tafuta mwingine kwa kazi hii. Baada ya kila kipande, pima tena ile nafasi ya mlango.

Likishapoa: praima ya epoksi pande zote, dawa ya kuziba maungio, rangi, na mwisho nta ya kimiminika ipulizwe ndani ya mfereji kupitia matundu yake. Nta iwe baada ya kuchomelea na kupaka, kwani hushika moto na rangi haishiki juu yake.

Betri ya Beetle inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na springi za kiti ziko juu yake. Mtu mzito akikalia kiti kilichochoka, springi hugusa vichwa vya betri na kiti kinaweza kuwaka. Weka kifuniko cha plastiki juu ya betri na mpira chini yake. Asidi inayovuja ndiyo iliyokula kona ile ya sakafu yako kwanza, iangalie, utaona.

Land Rover 109 ya Series III. Niliambiwa aluminiamu haishiki kutu, lakini milango inatoa unga mweupe na rangi inavimba. Pia kuna mabonyeo kwenye madigadi; nilipoyagonga kuyanyoosha yakapasuka. (Msomaji, Iringa)

Aluminiamu haina kutu nyekundu, lakini huoza. Bodi ya Land Rover ni ya Birmabright, aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, na imefungwa juu ya fremu za chuma. Maji yenye chumvi au tope yakikaa kati ya metali hizo mbili, panakuwa kama betri ndogo na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unga wako mweupe utaukuta chini ya milango, pale bati limekunjwa kuizunguka fremu ya chuma, na kwenye pembe zilizofungwa kwa bolti.

Tenganisha kabisa, usipake juu. Chuma kisafishwe, kipakwe praima ya epoksi ikauke, na kati yake na aluminiamu pawekwe ukanda wa PVC au dawa ya kuziba. Bolti zipewe washa za nailoni, riveti ziwe za aluminiamu. Kwa kusafisha aluminiamu tumia msasa P240 hadi P320 mpya. Brashi ya waya iliyosugua chuma usiilete hapa. Huacha chembe za chuma ndani ya bati na miezi michache baadaye uvimbe unarudi palepale. Osha kwa thina, kisha praima ya asidi, koti moja jembamba. Puti isikae juu ya praima ya asidi moja kwa moja; weka praima nyingine katikati.

Mabonyeo yalipasuka kwa sababu Birmabright huwa ngumu kadiri unavyoigonga. Lazima uilainishe kwa moto, na kipimajoto chake ni sabuni ya mche. Toa rangi, paka sabuni kavu juu ya bati, kisha pitisha moto mlaini wa gesi ukiuhamisha bila kusimama. Sabuni ikigeuka kahawia kuelekea nyeusi, toa moto mara moja. Aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo asiyetumia sabuni hupata onyo pale tundu linapofunguka. Ikipoa, gonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Ikianza kukataa tena, rudia sabuni na moto. Nyufa ulizokwisha kupata toboa mwisho wake kwa kitundu cha milimita 3 ili zisiendelee, kisha zichomelewe kwa TIG, mashine ya umeme na gesi inayofaa aluminiamu.

Lakini ndugu yetu, umeuliza kuhusu madigadi wakati maisha ya 109 yako chini. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi nzima, hasa boriti ya nyuma kabisa, mikono inayoshikilia bodi pembeni, na pale springi za mbele zinapofungwa. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya boksi la karatasi. Chesisi ni boksi, na tope likiziba matundu ya kutolea maji huoza kutoka ndani. Kiraka kiwe cha milimita 2 hadi 3, kikate kona zake ziwe za mviringo, na kisichomelewe kwa mstari unaokatiza boksi wima, maana hapo ndipo patakapokatika siku ya mzigo. Angalia pia ukuta wa chuma unaotenga injini na kabini, sehemu ya miguu. Ule siyo aluminiamu, na fundi wengi huupita.

Petroli isiyo na risasi inaharibu Morris Minor yangu? (Msomaji, Kampala)

Polepole, ndiyo. Petroli ya risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na hedi ya chuma ya Morris Minor haina vikalio vigumu vya valvu. Valvu za ekzosi huzama ndani ya hedi kidogo kidogo. Utajua kwa kupima: nafasi ya valvu iwe inchi 0.012, sawa na milimita 0.30, injini baridi. Ipime kila kilomita 1,500. Ikiwa kila mara unaikuta imepungua, peleka hedi kwa mchonga vyuma aweke vikalio vigumu upande wa ekzosi. Upande wa kuingiza hauhitaji. Kwa gari la kwenda kanisani na kurudi, unaweza kuendesha miaka mingi bila kugusa. Peugeot na Beetle hazihusiki, kwa kuwa hedi zao za aluminiamu zilitoka kiwandani na vikalio vya kupachikwa.

Mercedes 240D ya 1979. Nazima ufunguo, nautoa, injini inaendelea kunguruma. Fundi mmoja amenifungia waya wa kuvuta. Sipendi. (Msomaji, Muscat)

Una haki ya kutoupenda. Dizeli hii haizimwi kwa umeme. Pampu iliyo mbele ya injini inanyonya hewa. Ufunguo unafungua njia, mvuto unafika kwenye kidude chenye utando nyuma ya pampu ya dizeli, na dizeli inakatwa. Mvuto huo huo ndio unaofunga milango yote kwa pamoja na kusaidia breki. Joto la Ghuba hukausha vipira vya kuunganishia, kwa hiyo tatizo lako ni la kawaida huko.

Kwa sasa, ndani ya boneti kuna wenzo ulioandikwa STOP. Usukume na injini itazima. Kisha fuata mvuto. Injini ikiwa inanguruma, chomoa kibomba cha kidude cha kuzimia, unganisha pampu ya mkono ya kunyonya, vuta. Injini ikizima, kidude ni kizima. Isipozima, au ukiona oili ya injini ndani ya kibomba, utando umepasuka. Badilisha upesi, kwa sababu oili itanyonywa hadi kwenye swichi ya ufunguo na milango.

Kama kidude ni kizima, tafuta kiungo cha njia tatu kinachopeleka mvuto milangoni, kichomoe na ukizibe kwa skrubu ndogo. Zima ufunguo. Injini ikizima sasa, uvujaji uko kwenye milango, kifuniko cha tanki au buti, na mara nyingi ni tando za ndani ya mlango wa dereva. Ikiwa bado inanguruma na pedali ya breki imekuwa ngumu, shuku pampu yenyewe. Hiyo usiicheleweshe: beringi yake ikivunjika, vipande hudondoka kwenye mnyororo wa taiming, na hapo gharama ni ya injini nzima.

Kwa kuwa ni ya 1979, fahamu pia kwamba plagi zake za kupasha moto zimeungwa kwa mfululizo. Moja ikifa, zote nne zinakaa kimya.

Tulipuliza rangi ya selulosi kwenye Datsun hapa Mombasa, ikakauka nyeupe kama maziwa. (Msomaji, Mombasa)

Ni unyevu. Thina ya selulosi huondoka haraka, inapoza uso wa bati, na umande unanaswa ndani ya rangi. Ikiwa bado changa, koti jembamba la thina inayokauka polepole huweza kuifungua na weupe ukaondoka. Safari nyingine pulizeni baada ya jua kukausha hewa, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua, na mwageni maji ya kompresa kabla ya kila koti.

Rangi za kuchanganywa na hadna (dawa ya kuigandisha rangi) hazina tatizo hilo kwa kiasi kile, lakini zina isosaineti, ambayo barakoa ya kitambaa haizuii. Bila kinyago cha hewa safi, mwachieni mwenye chumba cha kupulizia. Mkitumia, kwa kawaida liya (koti la juu la kung'arisha) ni mafungu mawili kwa moja la hadna, ila kopo ndilo lenye neno la mwisho.

Chini ya rangi ndipo penye kazi. Puti isizidi milimita 3, na isuguliwe kavu: P80, kisha P180. Puti hunywa maji, na mkiisugua kwa maji mtaona malengelenge baada ya miezi michache ya jua. Maji yaanze kwenye praima, P400 hadi P500. Liya ikikomaa, P1500 na P2000, halafu polishi.

Nipeni tu vipimo vya Beetle 1300 hadi 1600, nivibandike ukutani. (Msomaji, Nakuru)

Valvu zote milimita 0.15, injini iliyolala usiku kucha. Anza na silinda ya 1 pistoni ikiwa juu, zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, fanya ya 2, kisha ya 3, kisha ya 4. Mpangilio wa kuwaka 1-4-3-2. Pointi milimita 0.4, plagi 0.7. Oili lita 2.5, kila kilomita 5,000; hakuna filta, kuna chujio la waya lenye gasketi mbili za karatasi na nati 6 ndogo zinazokazwa kwa Nm 7 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), zaidi ya hapo zinang'oa nyuzi. Nati kubwa ya ekseli ya nyuma, ya spana 36, ni Nm 294, na pini yake ya usalama iwe mpya kila mara.

Mpira wa petroli una kipenyo cha ndani cha milimita 5. Ubadilishe wote, na ukague kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta, kwani hulegea na kuchomoka juu ya distribyuta. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa kidole uingie kama milimita 15. Feni ndiyo inayopoza injini hii, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka barabarani, simama hapo hapo uangalie mkanda.